Tako la bunduki na mshipa uliopanda

Redio ikitangaza kuwa mtu amepigwa na tako la bunduki, hakuna mzazi anayekimbilia kuizima. Mtoto akisema "naumwa tako", anakatazwa papo hapo: sema makalio. Na makalio ni nini? Limetokana na kalia, yaani kitu cha kukalia. Ni tafsida tu, neno la kuzunguka mbuyu. Uke na uume nayo ni yale yale: u- ya dhahania imebandikwa kwenye -ke na -ume, ndipo mwalimu akapata cha kusema darasani.

Tafsida haimkingi msemaji, lakini. Mwaka 2011 meya wa Dar es Salaam alisema wabunge wa jiji wanafikiri kwa makalio. Neno sanifu kabisa, na bado lilikuwa tusi. Mitaa ikamlipa kwa kuligeuza jina lake kuwa neno jipya la makalio. (Silitaji, wengi mnalijua.)

Misimu, yaani maneno ya mitaani, ya viungo vya mwili haitungwi ovyo. Mara nyingi vijana hudondosha kiambishi tu: mdomo ukawa domo, na asiyejua kutongoza akawa domo zege, ubongo ukawa bongo, hadi Tanzania nzima ikaitwa Bongo, mahali ambapo bila akili huwezi kuishi. Shuleni kudondosha huko tulikuita ukubwa wa nomino.

Mimi, ninayeshughulika na kamusi, siogopi sana hayo. Naogopa neno lisilo na aibu yoyote: mshipa. Kwa mhudumu wa afya kuna mshipa wa damu na mshipa wa fahamu, yaani neva. Kwa wazee wengi wa pwani, "nina mshipa" ni ngiri, au busha, lile la korodani kujaa maji, ambalo huko mara nyingi huletwa na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Mmoja atapimwa presha, mwingine anahitaji upasuaji. Korodani si tusi. Litaje zahanati bila kuomba radhi.

Niliwahi kukaa benchi moja na mzee wa namna hiyo.

"Mshipa umepanda, mwanangu."

"Wa wapi, babu?" nesi akauliza.

"Wa huku chini."

Nesi akainama, akaanza kumbonyeza vifundo vya miguu. Mzee akatazama dari, akavua kofia, akaiweka mapajani taratibu. Nesi akasimama, akafunga pazia.