Barabara ya Mai Mahiu si baipasi

Kila lori linapopoteza breki kwenye mteremko wa Mai Mahiu, kati ya Nairobi na Naivasha nchini Kenya, habari hutufikia zikisema ajali imetokea "kwenye baipasi". Wengine husema "kwenye mchepuko". Na wapo wanaosema "barabara ya zamani" kwa namna inayomfanya msikilizaji adhani ni njia iliyotelekezwa, inayopitwa na wachungaji na punda tu. Majina haya hayabadilishani nafasi, na moja tu kati yake ndilo linaloifaa barabara hii.

Maana zenyewe ni fupi. Baipasi ni barabara mpya inayojengwa pembeni mwa mji ili mwenye safari ndefu auzunguke asiingie katikati. Mchepuko ni njia ya muda, ya kupitia wakati barabara yenyewe inatengenezwa au imekatika. Mkondo wa zamani, au barabara ya zamani, ni ile njia iliyokuwa barabara kuu kabla barabara kuu haijahamishiwa kwingine. Mai Mahiu iko katika fungu hili la tatu, na ili kuona sababu ni lazima tuangalie ardhi.

Anayetoka Nairobi kwenda Nakuru, Eldoret au Malaba huanza kwa kupanda. Jiji liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Limuru inapita mita 2,200, kisha ardhi inakatika ghafla na Bonde la Ufa linafunguka chini. Hakuna namna ya kuukwepa ukingo ule. Kila aliyewahi kujenga njia ya kuelekea magharibi alilazimika kuamua atashukia wapi.

Wajenzi wa reli ndio wa kwanza kutupa mfano mzuri wa mchepuko. Kati ya 1900 na 1901, njia yao ya kudumu ya kuteremka ukingo ikiwa bado haijakamilika, waliteremsha mabehewa kwa kamba za chuma kwenye reli zilizolazwa juu ya mteremko mkali, behewa likiwa limepakiwa juu ya jukwaa lenye magurudumu. Kazi ya reli ikaendelea huko bondeni bila kungoja. Njia ya kudumu ilipokamilika, kamba ziliondolewa. Huo ndio mchepuko: ulijengwa huku kila mtu akijua kwamba utang'olewa.

Barabara ya Mai Mahiu haikujengwa hivyo. Ilichongwa kwenye ukingo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano, waliotekwa na Waingereza katika mapigano ya pembe ya Afrika. Mwaka 1942 wafungwa hao walijenga pia kanisa dogo chini ya mteremko, kando ya lami, na bado lipo. Ni dogo kiasi kwamba dereva anayetazama breki zake anaweza kulipita asilione. Barabara yenyewe ni nyembamba: upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde, na mbele yako mlima Longonot. Wauza kofia na ngozi za kondoo hukaa mahali ambapo magari yanaweza kusimama kutazama mandhari. Hii ndiyo iliyokuwa barabara kuu ya kwenda Naivasha, na hapakuwa na nyingine kuu iliyokuwa ikiikwepa au kuisaidia.

Baada ya uhuru ikajengwa barabara nyingine, ile ya juu. Badala ya kutumbukia ukingoni, yenyewe hubaki nyanda za juu, ikapita Kimende, Kinale na Soko Mjinga penye magunia ya viazi na marundo ya kabeji, kisha ikateremka polepole kupitia Kinungi mpaka Naivasha. Hadhi ya barabara kuu ikahamia huko. Namba nazo zikafuata hadhi: A104 ilikuwa ya juu, na ya chini ikabaki na namba za daraja la chini, B3 kutoka Rironi, zinapoachana njia hizi mbili, hadi Mai Mahiu, kisha C88 hadi Naivasha. Tangu namba za barabara zilipopangwa upya mwaka 2016, ile ya juu ni sehemu ya A8, inayoanzia Mombasa na kuishia Malaba.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu kosa lote liko hapa. Baipasi huja baadaye. Mji unakuwapo, barabara inaupitia, msongamano unazidi, ndipo njia ya pembeni inajengwa. Ile iliyotangulia haiwezi kuitwa baipasi ya ile iliyoifuata, hata kama leo watu huitumia kukwepa foleni ya Limuru siku za sikukuu. Matumizi ya dereva siku moja hayageuzi historia ya barabara. Na ile ya juu pia si baipasi ya mji wa Mai Mahiu, ingawa kwa kweli imeuacha mbali: haikujengwa ili kuuzunguka mji, ilichukua mkondo mwingine kabisa wa kushuka bondeni, kilomita nyingi kutoka wa kwanza.

Kosa la pili linaniudhi zaidi, nalo ni kudhani kwamba kupitwa ni kufa. Malori mengi ya masafa marefu yanayotoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo hushukia kwa Waitaliano mpaka leo. Mji wa Mai Mahiu umekua kwa sababu yao: vibanda vya chakula, gereji, vyumba vya kulala, matrela yamepangana kando ya barabara usiku kucha. Ni hapo pia barabara ya Narok inapochepuka. Aprili 2024, maji na matope yalipoporomoka kutoka upande wa Kijabe na kuua makumi ya watu karibu na Mai Mahiu, kati ya waliosikia "barabara ya zamani imeharibika" wako waliodhani hasara ya usafiri ni ndogo. Haikuwa ndogo. Unapoiita njia hiyo ya zamani, unataja umri wake na nafasi yake katika historia, hutaji wingi wa magari yake.

Serikali yenyewe inalijua hilo. Katika mipango ya kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit, yenye urefu wa kilomita 175 hivi, Mamlaka ya Barabara Kuu imeiweka pia Rironi–Mai Mahiu–Naivasha, kilomita 58, na kuiita A8 Kusini. Yaani mkondo uliopokonywa hadhi ya barabara kuu umepewa namba ya barabara kuu, na neno Kusini juu yake. Jambo hili halitokei mara nyingi, na kwangu ni ushahidi tosha kwamba mkondo wa zamani unaweza kuwa mshipa hai wa nchi.

Ukitaka kuona baipasi halisi, mfuate huyohuyo dereva wa trela. Akitokea Mombasa, kabla hajaingia katikati ya Nairobi anaiacha Barabara ya Mombasa na kushika Baipasi ya Kusini. Anapita ukingoni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, anaivuka Lang'ata, anapita msitu wa Ngong Road, anatokea Gitaru karibu na Kikuyu. Katikati ya jiji ameiacha kuliani kwake. Njia hiyo ilijengwa kwa ajili hiyo tu, miaka mingi baada ya jiji na barabara zake kuwapo. Kutoka Gitaru anaingia A8, anapanda kwa muda, kisha anaiacha tena na kuanza kuteremka. Ndani ya saa chache amepita baipasi, barabara kuu, na mkondo wa zamani, kila moja kwa zamu yake.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, na wewe unayemwelekeza mgeni kwa simu, usiseme ajali iko "baipasi ya Mai Mahiu", maana anayeijua Nairobi atakwenda kuitafuta Lang'ata. Sema "barabara ya Mai Mahiu", au "barabara ya zamani ya Naivasha" kama wazee wanavyoiita, au "ile ya chini". Na mgeni mwambie hivi: ukitoka Nairobi, ukifika Rironi, shika kushoto, punguza gia mapema. Baipasi utakuwa umeiacha nyuma, Gitaru.