Chanjo wakati wa janga: maswali yaliyozunguka mitandaoni na majibu yake

Tarehe 30 Januari 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza korona kuwa dharura ya afya ya kimataifa, na tarehe 5 Mei 2023 likaiondoa dharura hiyo. Katika miaka hiyo mitatu, watu wengi walizipata habari za chanjo kwenye simu kabla ya kuzisikia kwa mhudumu wa afya. Mengi waliyoyapata yalikuwa uongo mtupu, mengine ukweli nusu, na machache yalikuwa kweli ila wataalamu wakayapuuza. Maswali haya ndiyo yaliyojirudia. Ni vizuri tuyajibu sasa hofu ikiwa imetulia, maana mlipuko mwingine ukija yatarudi yale yale.

Chanjo huchukua miaka mingi kutengenezwa. Hizi zilipatikanaje ndani ya mwaka mmoja?

Hili ni swali la haki, na walioliuliza wakaitwa wapotoshaji walionewa.

Kazi haikuanza mwaka 2020. Virusi vya jamii ya korona vilikuwa vimeshaua watu katika mlipuko wa SARS wa mwaka 2003 na wa MERS uliogunduliwa mwaka 2012, na watafiti walishajua kwamba ile miiba iliyo juu ya kirusi ndiyo ya kulengwa na chanjo. Teknolojia ya mRNA, yaani maelekezo yanayoiambia seli itengeneze protini fulani, nayo ilikuwa imefanyiwa kazi kwa miongo. Watafiti wake wawili, Katalin Karikó na Drew Weissman, walichapisha ugunduzi wao muhimu mwaka 2005, wakaja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2023.

Halafu kuna suala la majaribio. Jaribio kubwa la chanjo ya Pfizer na BioNTech lilihusisha watu zaidi ya 43,000. Nusu walichomwa chanjo, nusu wakachomwa maji ya chumvi, na mshiriki hakuambiwa amepata ipi. Baada ya hapo watafiti husubiri waone ni akina nani wataugua. Ugonjwa ukiwa adimu, kusubiri huko kunaweza kuchukua miaka. Katika janga kulichukua miezi: watu 170 waliugua, 162 kati yao wakiwa wa maji ya chumvi na 8 wa chanjo. Ile asilimia 95 iliyotangazwa ilitoka hapo.

Kilichofupishwa zaidi ni mambo ya fedha na karatasi. Viwanda vilianza kuzalisha kabla matokeo hayajatoka, serikali zikabeba hasara ya kumwaga dozi iwapo chanjo ingeshindwa, na wakaguzi wakapitia takwimu kadiri zilivyokuwa zikiingia. Lakini mambo mawili hayakuweza kujulikana mapema: kinga itadumu muda gani, na ni madhara gani adimu ambayo hata watu 43,000 hawatoshi kuyaonyesha. Hayo yalipaswa kusemwa waziwazi tangu siku ya kwanza. Mahali pengi hayakusemwa hivyo.

Je, chanjo ya mRNA inabadilisha vinasaba vya mtu?

Hapana. Vinasaba vyetu viko ndani ya kiini cha seli. mRNA ya chanjo haiingii humo. Inabaki nje ya kiini, seli inaisoma na kutengeneza kipande kimoja cha kirusi, yaani ule mwiba, mwili unakitambua kuwa kigeni na kuanza kujizoeza kupambana nacho. mRNA yenyewe huvunjwavunjwa na mwili baada ya muda mfupi.

Mbona waliochanjwa bado waliugua, na wengine wakalazwa?

Kuna kinga dhidi ya kuambukizwa, na kuna kinga dhidi ya kuugua sana au kufa. Ile ya kwanza ilishuka baada ya miezi michache, hasa kirusi kilipobadilika na aina ya Omicron kuingia mwishoni mwa mwaka 2021. Ya pili ilidumu vizuri zaidi. Baadhi ya viongozi walikuwa wameshaahidi kwamba ukichanjwa huambukizwi wala huambukizi. Ahadi hiyo ilipovunjika mbele ya macho ya watu, imani nayo ikavunjika.

Kuna pia hesabu iliyowachanganya wengi. Gazeti linaandika kwamba zaidi ya nusu ya waliolazwa wamechanjwa, mtu anapiga picha kichwa hicho cha habari, anaandika “mmejionea wenyewe” na kukisambaza. Tuchukue mfano wa kufikirika wa watu 1,000, ambapo 900 wamechanjwa na 100 hawajachanjwa. Tuseme katika kila watu 100 wasiochanjwa hulazwa 10, na katika kila 100 waliochanjwa hulazwa 2 tu. Wasiochanjwa watakaolazwa ni 10. Waliochanjwa watakuwa 18. Ukiingia wodini utakuta karibu theluthi mbili ya wagonjwa wamechanjwa, na wakati huo huo chanjo imepunguza hatari mara tano. Gazeti halikudanganya, na aliyesambaza huenda naye hakukusudia kudanganya. Kilichokosekana ni idadi ya watu ambao hawakufika wodini kabisa.

Nimeona orodha ndefu ya watu waliokufa baada ya kuchanjwa. Hiyo nayo ni uongo?

Orodha nyingi za aina hiyo zilitolewa kwenye mifumo ya kweli, kama ule wa Marekani unaoitwa VAERS, ulioanza mwaka 1990. Mtu yeyote anaruhusiwa kuripoti humo: daktari, mgonjwa au jamaa yake. Kinachoandikwa ni kilichotokea baada ya chanjo, hata kama hakuna anayejua kimesababishwa na nini. Umewekwa wazi makusudi, ili dalili ya hatari isipotee.

Shida inaanza ripoti zinapohesabiwa kana kwamba ni uthibitisho. Ukichanja wazee milioni moja wiki hii, baadhi yao watapata kiharusi wiki ijayo, kwa sababu miongoni mwa wazee milioni moja hutokea viharusi kila wiki hata pasipo chanjo. Kwa hiyo swali linalofaa ni hili: je, viharusi vimezidi idadi ya kawaida kwa watu wa umri huo? Likijibiwa ndiyo, uchunguzi unaanza mara moja. Kumbuka pia kwamba katika yale majaribio, watu wengi waliochomwa maji ya chumvi walilalamika kichwa kuuma na uchovu.

Basi hakuna madhara makubwa?

Yapo. Mtu akikwambia hayapo, hata kama anaitetea chanjo, usimkubalie.

Chanjo ya AstraZeneca ilihusishwa na kuganda kwa damu kunakoambatana na upungufu wa chembe sahani, zile chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda. Machi 2021 nchi kadhaa za Ulaya ziliisimamisha kwa muda, na tarehe 7 Aprili 2021 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikasema tatizo hilo liorodheshwe miongoni mwa madhara yake adimu sana. Uingereza ilianza kuwapendekezea vijana chanjo nyingine, kwa kuwa kwao hatari ya korona yenyewe ilikuwa ndogo na mizani haikuwa sawa na ya mzee. Wiki iliyofuata, Marekani ilisitisha chanjo ya Johnson & Johnson baada ya kuonekana wagonjwa 6 wa tatizo kama hilo katika dozi zipatazo milioni 6.8. Wagonjwa sita tu, na mfumo ukawaona.

Chanjo za mRNA nazo zilisababisha uvimbe wa misuli ya moyo kwa wachache, hasa wavulana na vijana wa kiume, mara nyingi siku chache baada ya dozi ya pili. Wengi wao walipata nafuu. Korona yenyewe pia husababisha uvimbe huo. Halafu kuna mzio mkali, ambao ni nadra lakini huja haraka. Ndiyo sababu unaambiwa ukae dakika 15 kabla ya kuondoka kituoni. Tafadhali zikae.

Mitandaoni kusitishwa huko kulitajwa kama ushahidi kwamba chanjo ni sumu. Mimi naona kulionyesha kwamba kuna watu waliokuwa macho. Ningeogopa zaidi chanjo iliyotolewa kwa mamilioni bila taarifa hata moja ya madhara.

Na zile habari za ugumba?

Desemba 2020 ilienea hoja kwamba mwiba wa kirusi unafanana na protini moja ya kondo la nyuma, hivyo kinga ya mwili ingeshambulia mimba. Mfanano huo ni mdogo mno. Tena kama ingekuwa kweli, wanawake walioambukizwa korona wangepata tatizo hilo hilo, kwa sababu wao walikuwa na kirusi kizima mwilini. Katika majaribio, wanawake walipata mimba katika makundi yote mawili, la chanjo na la maji ya chumvi.

Lakini katika kelele hizo kulikuwa na sauti za kweli. Wanawake wengi waliandika kwamba baada ya chanjo hedhi imechelewa au imekuja tofauti na kawaida yao. Wengi walijibiwa kwamba ni wasiwasi tu. Januari 2022 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wanawake karibu 4,000, ukaonyesha kwamba mzunguko ulirefuka kweli, kwa wastani wa chini ya siku moja, na badiliko hilo lilikuwa la muda. Haikuwa hatari wala ugumba, ila walisema kweli. Wangesikilizwa mapema na kupewa jibu hilo, waliowaambia wamefanywa tasa wasingepata pa kuingilia.

Chipu na sumaku je?

Ulienea uvumi kwamba sindano inaingiza chipu mwilini, na kwamba sumaku au sarafu hunata pale ulipochomwa. Si kweli. Dozi moja ni nusu mililita au pungufu, na hizo chanjo hazina kitu cha kunasa sumaku. Sarafu hushika kwenye ngozi kwa sababu ya jasho na mafuta. Ipake ngozi poda, sarafu itaanguka.

Kwa nini uongo huenda mbio kuliko maelezo ya wataalamu?

Mwaka 2018 jarida la Science lilichapisha utafiti wa habari zilizosambaa Twitter kati ya mwaka 2006 na 2017. Habari za uongo zilikuwa na uwezekano wa kusambazwa tena kwa asilimia 70 zaidi ya zile za kweli, na waliofanya hivyo zaidi walikuwa binadamu wenyewe, si programu za kujiendesha. Uongo ulikuwa na upya na mshangao ndani yake. Ukweli wa chanjo mara nyingi ni sentensi yenye “ila” na “inategemea”, na sentensi ya namna hiyo haimshtui mtu.

Jambo hili halikuanza na simu. Mwaka 1802, miaka michache baada ya Edward Jenner kuanzisha chanjo ya ndui iliyotokana na ndui ya ng'ombe, London ilichapishwa katuni ya watu waliochanjwa wakiota ng'ombe mwilini. Ndui yenyewe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980, kwa chanjo.

Je, wanaotilia shaka ni wajinga?

La. Wengine wana kumbukumbu nzuri kuliko tunavyotaka. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, wanaume weusi waliokuwa na kaswende waliachwa bila matibabu ili watafiti waone ugonjwa utafika wapi, hata baada ya penisilini kupatikana. Mwaka 2011, shirika la ujasusi la Marekani lilitumia kampeni ya chanjo ya homa ya ini kama kisingizio huko Pakistani katika kumsaka Osama bin Laden. Wachanjaji wa polio wasio na hatia waliendelea kushukiwa na kushambuliwa, na mwaka 2014 Ikulu ya Marekani ikaahidi kwamba njia hiyo haitatumika tena. Mtu mwenye kumbukumbu hizi hawezi kutulizwa kwa kuambiwa “amini sayansi”. Anahitaji kujua nani ameikagua chanjo, nani analipwa, na akidhurika atamwendea nani. Maswali hayo yana majibu, na mhudumu wa afya anapaswa kuwa nayo.

Shangazi yangu anatuma ujumbe wa kupinga chanjo kwenye kundi la familia. Nifanyeje?

Usimwaibishe mbele ya watoto na wakwe zake. Ukifanya hivyo atatetea heshima yake, na chanjo itasahaulika. Mpigie simu, umsalimu kama kawaida, umuulize ni kitu gani hasa kinachomtia hofu. Mara nyingi chini ya ule ujumbe kuna jambo dogo lenye sura: presha yake, mzio wa dawa fulani, jirani aliyezidiwa siku mbili baada ya sindano. Hilo ndilo la kujibu. Lililo kweli likubali, usilolijua mwambie utauliza, kisha uulize kweli.

Kwenye kundi, andika maelezo yako mwenyewe kwa maneno machache badala ya kuusambaza tena ule ujumbe ili kuupinga. Kila unapoutuma kuna atakayeusoma bila kusoma pingamizi lako.

Nitautambuaje ujumbe wa uzushi?

Tazama huu, wa aina inayojulikana: “Daktari bingwa wa Ulaya afichua siri ya chanjo! Wenye chanjo wamebakiza miaka miwili. Sambaza haraka kabla hawajafuta.” Daktari hana jina. Hospitali haitajwi. Hakuna tarehe, kwa hiyo ile miaka miwili haiishi kamwe, kila mwaka ujumbe unaanza upya. Na kuna amri ya kuharakisha, ambayo kazi yake ni kukuzuia usiulize lolote kati ya hayo.

Nimeshausambaza. Sasa?

Ufute kama bado inawezekana. Kisha rudi kwenye kundi lile lile, siyo jingine, uandike: “Ule ujumbe niliotuma jana kuhusu chanjo si wa kweli, nimeuliza kituo cha afya.” Kama kuna mtu unayemjua aliyeahirisha kumpeleka mtoto kliniki kwa sababu ya ujumbe huo, mpigie huyo kwanza.