Vali ya Moyo Ikivuja, Usiridhike na Asilimia 60

Pale kliniki ya moyo Muhimbili, ndugu wa mgonjwa anayesubiri upasuaji wa vali karibu wote huuliza swali moja: "Daktari, atatoka salama?" Sehemu kubwa ya jibu tunaisoma kwenye kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayochukuliwa kwa mawimbi ya sauti, kabla hata siku ya upasuaji haijapangwa.

Mgonjwa analalia ubavu wa kushoto, anapakwa jeli kifuani, na mtaalamu anapitisha kifaa katikati ya mbavu. Kwenye skrini tunaiona ventrikali ya kushoto, ndiyo chemba inayosukuma damu kwenda mwilini, ikijaa na kukamua. Kwenye majibu utakuta herufi EF: asilimia ya damu inayotolewa kwa pigo moja. Kwa mtu mzima mwenye afya ni kama 55 hadi 70.

Namba hiyo inapotosha watu wengi. Chukua mgonjwa ambaye vali yake ya mitrali, mlango ulio kati ya chemba ya juu na ya chini upande wa kushoto wa moyo, inavuja sana. Ventrikali ina mililita 150, inakamua 90. EF ni asilimia 60, na karatasi haionyeshi tatizo. Lakini katika hizo 90, tuseme 40 zimerudi nyuma kupitia vali ileile mbovu, kuelekea upande wa mapafu. Mwili umeambulia 50 tu. Vali ikishatengenezwa, njia ya kurudi inazibwa, na moyo unalazimika kusukuma damu yote mbele, dhidi ya presha ya mshipa mkuu. Msuli uliokuwa umechoka kimyakimya unaumbuka hapo, EF inashuka, ingawa upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri.

Ndiyo maana, uvujaji wa mitrali ukiwa mkubwa, EF ikifika 60 au kushuka zaidi, au kipenyo cha ventrikali mwisho wa kukamua kikifika milimita 40, tunashauri upasuaji hata kwa mtu anayepanda ngazi bila kuhema. Naelewa ugumu wa kukubali kupasuliwa kifua wakati huumwi popote. Lakini ukisubiri hadi miguu ivimbe, unatuletea msuli ambao huenda usirudie nguvu zake.

Mitrali iliyobana ni habari nyingine. Tunaiona zaidi kwa wanawake, wengi bado vijana, waliopata homa ya rumatiki utotoni baada ya maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Ventrikali yao ya kushoto mara nyingi ni nzima, kwa hiyo tunakagua zaidi upande wa kulia na presha ya mishipa ya mapafu.

EF ndogo pekee haimnyimi mtu upasuaji. Tunaipima pamoja na umri, figo na mpangilio wa mapigo, kisha tunaamua maandalizi.

Ukija kliniki, beba majibu yote ya eko za nyuma, hata ya mwaka juzi kutoka hospitali nyingine. EF iliyotoka 68 ikafika 61 inatuonyesha moyo unaelekea wapi, jambo ambalo karatasi ya leo peke yake haiwezi.