Volkano ndogo za chini ya bahari, lava yake inatoka wapi?

Ukishika kipande cha lava kilichokokotwa toka sakafu ya bahari cha kwanza utakachoona ni ganda jeusi linalong'aa, hiyo ni kioo kabisa, lava imekutana na maji baridi ikaganda papo hapo kabla madini hayajapata muda wa kujipanga. Ndani ni kijivu, na ukiwa na bahati unaona punje za kijani za madini ya olivini. Sisi tunaochunguza miamba tunakipenda hicho kioo kuliko kitu chochote kwasababu kimehifadhi magma, yaani mwamba ulioyeyuka ukiwa bado chini, ilivyokuwa.

Sasa watu wanadhani chini yetu kuna ziwa la moto, hapana. Koti ya dunia, lile tabaka nene lililo chini ya ganda la juu, ni mwamba mgumu, wa moto sana lakini mgumu, unaitwa peridotiti, unapanda polepole mno na ukifika juu mgandamizo unapungua ndo unaanza kuyeyuka bila hata kuongezewa joto, tena sehemu ndogo tu, kama asilimia 10 au chini ya hapo. Kinachoyeyuka ndo basalti, karibu nusu yake ni silika (silikoni na oksijeni).

Kwenye mgongo wa bahari, yaani safu ya milima chini ya bahari ambapo mabamba ya ganda la dunia yanaachana, kama East Pacific Rise ya mashariki mwa Pasifiki, magma nyingi inakutana kwenye chemba moja, inachanganyika, inapoa, kwa hiyo lava zake zinafanana fanana. Volkano ndogo za pembeni hazina chemba kubwa hivyo, kila fungu la magma linapanda na njia yake, ndo maana lava yake mara nyingi ina magnesi nyingi zaidi na vilima viwili majirani vinaweza kutofautiana kabisa, kimoja lava yake ina potasi kidogo sana na kingine imejaa potasi na titani. Maana yake koti lenyewe lina viraka, na chemba kubwa inatuficha hilo. Kwangu mimi hivi vilima ndo mashahidi wazuri zaidi wa koti tulionao.

Halafu kuna vilima vile ambavyo mwanajiolojia Naoto Hirano na wenzake walivitangaza mwaka 2006, mbali na pwani ya Japani, juu ya bamba zee na baridi la zaidi ya miaka milioni 100, hakuna mgongo karibu. Bamba linapinda kabla ya kuzama kwenye mfereji wa kina kirefu wa bahari, linapasuka, na magma kidogo iliyokuwa imejificha chini yake inapenya juu, ina sodiamu na potasi nyingi na gesi ya kaboni dioksidi tele.