Mifuko saba chini ya kitanda: maswali kuhusu ulevi wa kununua

Dada yangu anakaa Tabata. Chini ya kitanda chake nimekuta mifuko saba ya viatu na vijora, vyote bado vina lebo. Mshahara wake si mbaya, lakini kila ikifika tarehe 10 anakopa nauli. Ni tamaa au ni ugonjwa?

Katika swali lako, hizo lebo ndizo zimenishtua. Mwenye tamaa ya viatu angevivaa, tena angekuringishia.

Tatizo hili la ulevi wa kununua si la leo. Daktari wa akili wa Ujerumani, Emil Kraepelin, aliliandika mwanzoni mwa karne ya 20. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika 2022, unalitaja kwenye kundi la matatizo ya kushindwa kuzuia msukumo. Ule wa madaktari wa akili wa Marekani wa 2013 haukulipa nafasi yake peke yake, kwa hiyo wataalamu bado wanabishana waliweke wapi.

Kuzurura madukani Mtaa wa Kongo, Kariakoo, Jumamosi na kurudi na kitu usichokipanga, nani hajafanya? Shaka inaanza pale mtu anapojaribu kuacha akashindwa, anaficha alichonunua, na madeni yanaongezeka.

Kwa nini anunue asichokivaa?

Kwa sababu utamu wake uko kabla ya kulipa. Dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu, hupanda zaidi mtu anapokitazamia kitu kuliko anapokuwa nacho. Mfikirie saa tano usiku, simu mkononi, muuzaji yuko mubashara anafungua balo: "Hii ipo moja tu, wa kwanza kulipa!" Moyo unamdunda, anaweka namba ya siri. Kesho mchana bodaboda anapopiga honi getini, hamu imeshakufa, imebaki aibu. Aibu inauma, na yeye dawa ya maumivu anayoijua ni ileile simu. Nyuma yake mara nyingi kuna huzuni, wasiwasi au upweke.

Kuna dawa?

Hakuna kidonge kilichothibitishwa kwa ajili ya tatizo hili. Kinachosaidia zaidi ni tiba ya mazungumzo inayofundisha kubadili fikra na mwenendo. Aanzie hospitali ya Amana, aombe kuonana na mtaalamu wa afya ya akili. Muhimbili nako kuna idara yake.

Ila kama siku hizi halali, anaongea mbio na anamwaga hela kuliko kawaida, msisubiri: huenda ni ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, baipola. Pia baadhi ya dawa za Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, kama pramipexole na ropinirole, huweza kuleta msukumo huu. Mgonjwa asiziache mwenyewe, amwambie daktari wake.

Nimlipie deni? Amekopa hadi kausha damu.

Usilipe kimyakimya, maana utakuwa umemfungulia mlango wa kukopa upya. Kaeni chini, aandike madeni yote, hata ya kwenye simu. Afute programu za mikopo na aache kuwafuata wale wauzaji. Akitamani kitu, asinunue hapohapo, alale kwanza hadi kesho yake. Hamu hupanda, kisha hushuka yenyewe. Mahubiri hayasaidii, ameshajihubiria vya kutosha.

Na ile mifuko usiitupe. Ifungueni pamoja, mmoja mmoja, umuulize: "Dada, siku uliyonunua hiki kulikuwa na nini?" Majibu aende nayo kwa mtaalamu.