Je, wajua kwa nini kizibo cha mvinyo bado kina kazi baada ya chupa kufunguliwa?

Katika hoteli za Arusha na Moshi, ambako wageni waliotoka Ngorongoro au kushuka Mlima Kilimanjaro hupumzika, mhudumu huchomoa kizibo cha mvinyo kwa kizibuo, hukiweka kando, na asubuhi hufagiliwa pamoja na takataka. Hasara hiyo inanisikitisha, kwa maana kinachotupwa hakijachakaa hata kidogo.

Kizibo halisi hukatwa kutoka gome la mwaloni unaoota katika nchi za magharibi mwa Bahari ya Mediterania, na Ureno peke yake hutoa takribani nusu ya gome hilo duniani. Mkulima wa Kilimanjaro anajua kwamba mti ukibanduliwa gome pande zote hufa. Mwaloni huu haufi, kwa kuwa wavunaji huondoa tabaka la nje tu na kuliacha la ndani linalopitisha chakula cha mti, kisha gome jipya huota. Mti huvunwa mara ya kwanza ukiwa na miaka 25 hivi, kisha kila baada ya miaka 9, na gome linalofaa kwa vizibo hupatikana kuanzia mavuno ya tatu. Yaani kizibo kinachofagiliwa leo mjini Moshi kilisubiriwa kwa zaidi ya miaka 40.

Siri yake imo katika seli. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichunguza gome hili kwa hadubini, akaona vijumba vilivyopangana kama sega la asali, na jina alilovipa ndilo lililotupatia neno seli. Sentimita moja ya ujazo ina seli takribani milioni 40, kila moja imefungwa na kujaa hewa, na kuta zake zina suberini, kemikali yenye tabia ya nta isiyoruhusu maji kupenya. Gunzi la mahindi, ambalo bibi zetu walizibia chupa za asali na mafuta ya taa, hunyonya unyevu kwa sababu halina kinga hiyo. Kizibuo hutoboa sehemu ndogo tu ya katikati, na hata kizibo kikisagwa, kila punje hubaki na seli nyingi zilizo nzima.

Kwa hiyo viwandani punje hizo huchanganywa na gundi na kukandamizwa ziwe vigae vya sakafu, soli za viatu au mabamba ya kuzuia joto na kelele, ingawa hazirudishwi kuwa vizibo vya mvinyo. Kwetu, kazi inaweza kuanza bila kiwanda. Kizibo cha kawaida kina urefu wa sentimita 4.5 na kipenyo cha 2.4, hivyo vizibo 460 hivi, vikipasuliwa katikati kwa urefu na kubandikwa ubaoni, vinatosha ubao wa matangazo wa shule wenye mita moja ya mraba. Fundi wa katambuga naye anaweza kubandika tabaka la punje juu ya mpira wa tairi, ili mguu usiungue jua linapokuwa kali.

Kabla ya yote, vizibo vya plastiki vitengwe. Kikate kwa kisu: cha plastiki huwa laini na sare ndani, ilhali cha gome huonyesha vijishimo na michirizi ya kahawia.