Namba ya chini si presha ya kushuka

Jamani mie hili neno nishalichoka. Juzi tena tumekaa barazani kwetu Ng'ambo, ami yangu katoka kupimwa presha, anatwambia kaambiwa ya juu 158, ya chini 102, na ya chini khasa ndo imewatia wasiwasi. Jirani akadakia palepale, ah, hiyo ya chini maana yake presha imeshuka, ramba chumvi, kunywa na soda baridi. Tizama, ami mkono ushafika kwenye kopo la achari!

Presha ni nguvu ya damu inavyosukuma kuta za mishipa, basi. Kila alohai anayo, kama tairi la vespa linavyotaka upepo, tatizo ni upepo ukizidi. Kwa hiyo "mie sina presha" ni maneno ya kusemwa na maiti, lakini hilo nishasamehe. Hata shinikizo limetoka kwenye kushinikiza, kubana kwa nguvu, hamna ugonjwa ndani ya neno lenyewe.

Nisilosamehe ni hii juu na chini. Namba zinakuwa mbili kwa sababu moyo una hali mbili. Mwaka 1905 daktari wa Kirusi, Nikolai Korotkov, alieleza namna ya kusikiliza mshipa wa mkononi: unajaza upepo kile kitambaa kinachofungwa mkononi mpaka damu isipite, kisha unautoa pole pole, pale mlio wa kwanza unaposikika ndo namba kubwa, moyo unasukuma, na mlio ukipotea ndo namba ndogo, moyo umepumzika kungojea pigo jengine. Presha ni ile ile moja, imepimwa mara mbili. Namba kubwa huandikwa juu na ndogo chini, kama sehemu za hesabu tulizosoma skuli, basi hiyo "chini" ni ya kwenye karatasi tu! Na kiswahili chetu kinazidi kutuchanganya, maana tunasema pia shinikizo la juu la damu, "juu" moja inafanya kazi mbili.

Sasa ya ami. Namba ndogo inatakiwa iwe chini ya 80, ikifika 90 ishapanda, yeye ana 102. Na kubwa ikifika 140 nayo ishapanda. Zake zote mbili ziko juu halafu anapewa chumvi! Ya kushuka ipo kweli, lakini hiyo ni kama 90 kwa 60 kwenda chini na mtu anaona kizunguzungu.

Chumvi yenyewe kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai, yote kwa yote, na ng'onda na achari na ya kwenye mchuzi zimo humo humo. Tembea, punguza uzito, sigara acha, na dawa ukipewa usiiache ati kwa sababu kichwa hakiumi, presha nyingi hazisemi kitu.

Nikamuuliza ami, kabla ya kupimwa ulikuwa wapi? Kumbe alipita kwa muuza kahawa, vikombe vitatu, kisha akaenda mbio asikose foleni. Hata dakika tano za kukaa kitako hakupewa, na yote hayo hupandisha namba kwa muda. Achari nikairudisha kabatini, nikamwambia ami, kesho asubuhi turudi kabla ya kahawa, na ukiulizwa sema namba kubwa na namba ndogo, hiyo ya juu na ya chini tuiwache.